Dawa ya Homa kwa Watoto Wadogo Hupimwa kwa Uzito

Wazazi na walezi wa mikoa ya Iringa na Mbeya wanakumbushwa kwamba dawa ya kutuliza homa na maumivu ya mtoto hupimwa kwa uzito wake, wala si kwa kukisia. Inayofaa kuanza nayo ni parasetamoli: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 kwa saa 24. Uzito huandikwa katika kadi ya kliniki. Mzazi aendapo duka la dawa aichukue kadi hiyo.

Linalohitaji uangalifu zaidi ni nguvu ya dawa ya maji. Chupa nyingi zina miligramu 120 katika mililita 5, na mtoto wa kilo 10 hutosheka na kiasi hicho. Lakini yako matone ya watoto wachanga yenye miligramu 100 katika mililita 1 tu. Mzazi akimimina mililita 5 za matone hayo, mtoto yule yule atakuwa amekunywa miligramu 500, zaidi ya mara tatu ya kiwango cha juu. Na kosa hilo likirudiwa, ini laweza kuharibika. Vijiko vya nyumbani havilingani, hivyo kitumike kipimo kilichokuja na chupa. Baadhi ya dawa za mafua nazo zina parasetamoli, zisiongezwe juu yake.

Mtoto wa chini ya miaka 16 asipewe aspirini pasipo agizo la daktari. Dawa hiyo inahusishwa na ugonjwa wa Reye, unaovimbisha ubongo na kudhuru ini.

Parasetamoli hushusha joto. Haiponyi malaria wala nimonia. Wakazi wa sehemu za baridi, kama Mufindi na Rungwe, wasidhani kila homa ni mafua. Mtoto aliyekaa Kyela au bonde la Pawaga majuma yaliyotangulia huenda ameambukizwa malaria huko, na yapasa apimwe damu. Anayepumua haraka, anayeshindwa kunyonya, anayetapika kila kitu au aliyepatwa na degedege apelekwe kituo cha afya bila kungoja dawa ifanye kazi. Aliye chini ya miezi 2 apelekwe mara homa inapoonekana, hata akiwa mchangamfu.

Kumfunika mablanketi mazito mtoto mwenye homa, hata katika baridi ya Juni, huzidisha joto. Avikwe nguo nyepesi na anyonyeshwe mara kwa mara.