Kumpeleka Kijana Kusoma Uhandisi



Mwenzetu mmoja wa Wete ana mjukuu anayekaa kwa mjomba wake Mitundu, upande wa Itigi katika mkoa wa Singida. Kijana huyo mwakani atafanya mtihani wa kidato cha sita, na moyo wake umependa uhandisi. Babu yake ametuuliza: je, yapasa arudi kisiwani ili aombe chuo, au aweza kuomba huko huko bara? Kwa kuwa swali hili ni la wengi, tumeona heri tuwajibu wote pamoja.

Kwanza tufahamiane uhandisi ni kazi gani. Wako wanaodhani kuwa ni kujipaka mafuta ya gari. Sivyo. Fundi hutengeneza kilichoharibika, na kazi yake ina heshima yake. Mhandisi hupiga hesabu kabla kitu hakijajengwa, akajua chuma kitabeba uzito gani na maji yatapita wapi. Kile Kiwanda cha Makonyo cha Wawi, kinachotoa mafuta kwa mvuke, ni kazi ya uhandisi tangu tanuri hadi bomba. Nasi ambao hukesha mvua ikitishia na karafuu zi majamvini twajua jinsi tunavyomhitaji mtu wa kutupigia hesabu ya kikaushio kisichounguza karafuu wala kula kuni nyingi.

Zamani njia ilikuwa ndefu. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961 kilianza kwa somo la sheria, na aliyetaka uhandisi ilimlazimu kwenda Nairobi au ng'ambo. Kitivo cha uhandisi cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1973. Leo masomo hayo yapatikana pia katika Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam na katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbeya. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, chafundisha uhandisi wa kilimo, ambao sisi wakulima tusiusahau. Shahada huchukua miaka 4.

Sasa tuje kwenye sifa. Uhandisi hauanzi siku ya kujaza fomu; huanza kidato cha tano, kijana anapochagua masomo. Yampasa asome fizikia na hesabu za juu, na kwa kawaida kemia huwa la tatu. Aliyechagua historia na lugha hakukosea, lakini mlango huu hautamfungukia. Katika matokeo ya kidato cha sita A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, na E ni 1. Masomo makuu mawili yasipungue jumla ya pointi 4. Hizo ni za kumfikisha kizingitini tu, kwa maana waombaji ni wengi kuliko nafasi, na mwenye alama bora hutangulia.

Asiyefika kidato cha sita asikate tamaa. Aweza kusoma stashahada ya ufundi, kwa mfano Dar es Salaam au Arusha, akifaulu vizuri akaomba shahada kwa cheti hicho. Njia hii ni ndefu kidogo, lakini humpa mikono iliyozoea kazi.

Ama kuomba kwenyewe, jibu kwa babu wa Wete ni hili: kijana asirudi. Mtihani ni mmoja bara na visiwani, na maombi hupelekwa moja kwa moja kwa chuo kwa njia ya intaneti. Wa Mitundu na wa Wete hujaza fomu zile zile. Afuate mambo haya:

1. Asome kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu, ambacho hutaja sifa za kila kozi.

2. Aweke tayari namba zake za mtihani wa kidato cha nne na cha sita, na cheti cha kuzaliwa. Aliyezaliwa Zanzibar, cheti chake huhakikiwa na wakala wa usajili wa Zanzibar, hata akiwa anaishi Singida. Jambo hili lisingoje siku ya mwisho.

3. Aombe vyuo zaidi ya kimoja. Akichaguliwa na viwili au vitatu, hutumiwa namba ya siri kwa simu ili athibitishe kimoja. Asipothibitisha kwa wakati, nafasi humpotea.

4. Aombe mkopo mapema. Iko Bodi ya Mikopo ya Taifa, na Wazanzibari wanayo bodi yao pia. Asome masharti ya kila moja.

Hilo la tatu nalisema kwa uchungu. Mwanangu mwenyewe alijaziwa fomu na kijana wa duka la intaneti, naye akaandika namba ya simu yake mwenyewe. Mwanangu alichaguliwa, ujumbe ukaenda kwa mtu mwingine, nasi tulipopata habari muda ulikuwa umekwisha. Alingoja mwaka mzima. Basi simu iwe ya mtoto au ya mzazi, na isizimwe.

Tena liko jambo letu sisi wakulima. Matokeo ya kidato cha sita kwa kawaida hutoka mwezi wa Julai, nasi mara nyingi ndipo tunapoanza kuchuma. Mzazi humwambia mtoto, "Ngoja tumalize shamba." Dirisha la maombi halingoji shamba. Kijana wa kuchuma aweza kutafutwa kwa malipo ya pishi. Nafasi ya chuo hainunuliwi kwa pishi.

Mwisho, mtu asidhani kuwa shahada peke yake yatosha. Mhitimu hujiandikisha kwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, akafanya kazi chini ya usimamizi wa waliomtangulia, ndipo akubaliwe kuwa mhandisi kamili. Ni kama mkarafuu: huupandi leo ukauchuma kesho. Lakini ukishika, huzaa miaka mingi, na kivuli chake hufaa hata majirani.

Mwenye swali na alete. Wassalaam.