Askari Wanaomgeukia Mwenyeji

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya ugonjwa unaoanza kimya kimya, huku mtoto akicheza na wenzake uani na mama yake hana habari.

Mwilini mwetu mna askari, na kazi yao ni kupigana na vijidudu. Lakini kwa watu wengine askari hao hupotoka, wakamgeukia mwenyeji wao. Wakiingia katika kongosho na kuziua chembe zinazotengeneza insulini, mtoto hupata kisukari cha aina ya kwanza. Si kosa la sukari aliyolamba, wala si uchawi wa jirani. Hilo tulitamke wazi, maana kina mama wengi wamelaumiwa bure.

Vita hivyo huchukua miezi, mara nyingi miaka, kabla dalili hazijaonekana. Hata hivyo askari hao huacha nyayo katika damu, yaani kingamwili ambazo daktari aweza kuzipima. Katika watoto 100 wanaoonekana na aina mbili au zaidi za kingamwili hizo, wapatao 70 huugua ndani ya miaka 10. Huko Bavaria, Ujerumani, watoto wadogo walianza kupimwa mwaka 2015, na mwaka 2023 Italia ilitunga sheria ya kuwapima watoto wa nchi nzima.

Pengine mtauliza, yafaa nini kumwambia mzazi jambo asiloweza kulizuia? Sisi pia tuliuliza, kwani si mzigo mdogo kumtazama mtoto mzima ukijua yanayomjia. Lakini mzazi aliyeonywa humpeleka mtoto hospitali mapema, kabla damu haijajaa asidi. Tena mwaka 2022 Marekani iliruhusu dawa iitwayo teplizumab, ambayo katika majaribio iliuchelewesha ugonjwa kwa muda wa miaka miwili hivi. Miaka miwili bila sindano si kitu kidogo kwa mtoto wa shule.

Kwetu hapa kipimo hicho cha kingamwili hakipatikani katika kila zahanati. Lakini kipo kingine kilicho rahisi. Tulimjua mtoto mmoja aliyetibiwa malaria siku nne. Usiku aliamka mara tatu kunywa maji, na ingawa alikwisha kuacha kukojoa kitandani, alianza tena. Hakuna aliyemtoa tone la damu kidoleni mpaka alipozimia. Ashukuriwe Mungu, alipona, na sasa hujidunga insulini mwenyewe.

Basi ndugu msikilizaji, mtoto wako akiwa na kiu isiyokwisha, akakojoa kila mara, akakonda ingawa anakula, mpeleke leo hii, usingoje kesho. Ukifika huko usione haya kuuliza, "Daktari, mmempima sukari?" Kipimo chenyewe hakichukui hata dakika moja.