Kununua Deira: Kodi inayorejeshwa na mizigo isiyohusika

MFANYABIASHARA wa Moshi au Masama anayefunga safari ya Dubai kununua nguo, simu au vito hulipa kodi ambayo sehemu yake kubwa anaweza kurejeshewa kabla ya kupanda ndege. Asiyeuliza dukani huiacha huko huko.

Umoja wa Falme za Kiarabu ulianza kutoza kodi ya ongezeko la thamani, ambayo wengi huiita VAT, Januari 1, 2018, kwa kiwango cha asilimia 5. Novemba 18 mwaka huo huo ulianza utaratibu wa kuwarejeshea wageni kodi hiyo, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Kodi ya Shirikisho.

Utaratibu huo unawagusa moja kwa moja wanunuzi wa Deira, mji mkongwe ulio kando ya mkono wa bahari wa Dubai, ambako ndiko liliko soko la dhahabu na lile la viungo, na ambako majahazi bado hupakia na kushusha shehena.

Msingi wake ni kwamba VAT ni kodi ya mlaji, na hutozwa pale bidhaa inapotumika. Bidhaa inayotoka nje ya nchi haitumiki humo. Kwa kanuni hiyo hiyo, bidhaa zinazouzwa nje ya Tanzania kwa kawaida hutozwa kiwango sifuri.

Anayestahili ni mgeni asiye mkazi wa nchi hiyo, mwenye umri wa miaka 18 au zaidi. Ni lazima anunue katika duka lililosajiliwa katika mpango huo, kwa thamani isiyopungua dirham 250, na aonyeshe pasipoti wakati wa kulipa. Bidhaa zitoke nchini katika siku 90 tangu ziliponunuliwa.

Siku ya kuondoka, msafiri huhakikiwa uwanjani kabla ya kukabidhi mizigo yake. Hatua hii ndiyo huwaponyoka wengi, kwani mkaguzi anaweza kutaka kuziona bidhaa zenyewe, na sanduku likishakabidhiwa halionekani tena. Baada ya uhakiki, fedha hutolewa taslimu au hupelekwa kwenye kadi ya benki.

Hata hivyo, kinachorudi si kodi yote. Utaratibu ulipoanza mwaka 2018, mnunuzi alipata asilimia 85 ya kodi aliyolipa, kisha alikatwa dirham 4.80 kwa kila stakabadhi iliyosajiliwa. Kwa viwango hivyo, aliyenunua bidhaa za dirham 2,000 na kulipa kodi ya dirham 100 alipata dirham 80.20. Aliyelipa dirham 250 tu, kodi ikiwa ndani yake, aliambulia kama dirham 5.30. Kwa hiyo, kununua vitu vingi katika duka moja kuna faida kuliko kutawanya stakabadhi ndogo ndogo.

Kwa upande wa dhahabu, vito hutozwa kodi hiyo, hivyo vinahusika. Dhahabu ya uwekezaji yenye usafi wa asilimia 99 au zaidi hutozwa kiwango sifuri, hivyo hakuna cha kurejesha.

Kikwazo kikubwa kwa wafanyabiashara ni kwamba bidhaa lazima zisafiri pamoja na mnunuzi. Anayekusanya mzigo na kuupeleka kwa kontena hadi bandari ya Dar es Salaam hawezi kuudai kwa njia hii. Malazi na chakula alichokula akiwa huko navyo havihusiki.

Aidha, kurejeshewa kodi Dubai si msamaha wa kodi nyumbani. Kwa kuwa kodi hufuata mahali bidhaa inapotumika, mzigo wa biashara unaoshushwa Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro hutozwa ushuru wa forodha kulingana na aina ya bidhaa, pamoja na VAT ya Tanzania ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18. Ushuru hukokotolewa kwa kuzingatia bei iliyolipwa.

Ndiyo maana stakabadhi za Deira hazipaswi kutupwa baada ya fedha kupokewa. Maofisa wa forodha wa Mamlaka ya Mapato Tanzania huzihitaji ili kujua thamani halisi ya mzigo, na asiye nazo huweza kukadiriwa bei asiyoitarajia.