Je, Kasa Archelon Alifika Mpanda?

Watoto wa Mpanda, na ninyi wa Karema, Inyonga na Mlele, sogeeni. Hadithi ya leo ni ya kweli, na mashahidi wake ni mifupa na mawe.

Miaka milioni 75 hivi iliyopita aliishi kasa ambaye wataalamu wamempa jina Archelon. Ndiye mkubwa kuliko kasa wote ambao mifupa yao imewahi kupatikana duniani. Tangu mdomoni hadi mkiani alifika mita 4.6. Chukueni kamba, pimeni urefu huo katika uwanja wa shule, kisha mlale chini mkifuatana mpaka kamba iishe. Mtaona wenyewe. Uzito wake unakadiriwa kuzidi tani 2, kwa hiyo angepimana na kiboko dume aliyeshiba wa Mto Katuma, kule Hifadhi ya Taifa ya Katavi.

Msimchanganye na kobe mnayemkuta porini. Kobe ana miguu ya kutembelea. Wale kobe wa majini wanaoishi mitoni na mabwawani nao wana miguu yenye kucha. Kasa ni wa baharini: badala ya miguu ana mapezi, na nchi kavu ni majike tu wanaopanda, tena kwa taabu, ili kutaga mayai mchangani.

Archelon hakuwa na gamba gumu lililoziba mgongo wote. Mbavu zake zilitandaa zikiacha nafasi wazi katikati, na wataalamu wanaamini kwamba juu yake ilipita ngozi nene. Gamba la namna hiyo lilimpunguzia uzito. Mdomo wake ulikuwa na ncha iliyopinda kwenda chini. Mkitaka kumwona wa leo anayemkaribia kwa maumbile, muulizeni mvuvi wa pwani habari za noa, kasa mwenye ngozi mgongoni badala ya magamba. Noa ndiye mkubwa kuliko kasa wote walio hai, lakini hata yeye hafikii urefu wa Archelon.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Mwaka 1895 Mmarekani mmoja, George Wieland, aliyafukua mabaki ya kwanza ya mnyama huyu karibu na Mto Cheyenne, jimbo la South Dakota. Huko ni katikati ya Amerika Kaskazini, mbali na bahari kuliko Mpanda ilivyo mbali na Dar es Salaam. Kasa alifikaje?

Hakufika. Alikuwa kwao. Zama zile bahari ilipita katikati ya bara lile kuanzia kusini hadi kaskazini, ikaligawa vipande viwili. Archelon alipokufa alizama, tope likamfunika, na kwa miaka mingi mno tope hilo likageuka mwamba. Ardhi ikainuka, bahari ikarudi nyuma, kasa akabaki ndani ya jiwe. Wieland alikuwa na uhakika, kwa maana ndani ya mwamba huohuo mlijaa makombe ya viumbe wa baharini. Mifupa ile ilimwambia hata kisa kimoja: pezi la nyuma la kulia lilikuwa limekatika, naye akaamini kwamba adui alilinyofoa kasa huyo alipokuwa mdogo, akaendelea kuishi nalo hivyo hivyo hadi akawa jitu. Mwaka 1896 Wieland akampa jina.

Najua mnachotaka kuuliza. Kama kule palikuwa bahari, je, na kwetu?

Si ninyi wa kwanza kuuliza. Mwaka uleule wa 1895, mwanasayansi Mwingereza, J. E. S. Moore, alifunga safari kuja Ziwa Tanganyika. Aliwachunguza konokono wa ziwa akashangaa: makombe yao mazito, yenye miiba na mapambo, yalifanana mno na ya konokono wa baharini. Tena ziwani mna yavuyavu, kiumbe laini anayepitisha mwanga, ambaye jamaa zake wengi huishi baharini. Mjerumani Richard Böhm alikuwa amemwona tangu 1883. Moore akatoa hukumu: Ziwa Tanganyika ni kipande cha bahari ya kale kilichonaswa ndani ya bara. Mwaka 1903 alichapisha kitabu kizima juu ya jambo hilo.

Kama Moore angekuwa sahihi, tungekwenda leo Karema na Ikola kutafuta mifupa ya kasa. Lakini alikosea, ingawa alikuwa msomi hodari. Yeye na mwenzake Farmer ndio walioupa jina, mwaka 1905, ule mgawanyiko wa seli mtakaofundishwa sekondari, meyosisi.

Alikosea kwa sababu alitazama umbo, hakuuliza mwamba. Ziwa Tanganyika lilianza pale ardhi ilipopasuka na kudidimia katika Bonde la Ufa, miaka milioni 9 hadi 12 hivi iliyopita. Archelon alikuwa amekwisha kutoweka zaidi ya miaka milioni 60 kabla. Na wale konokono? Ziwani wanaishi kaa wenye magando yenye nguvu ambao huvunja makombe na kula nyama iliyomo. Konokono wenye makombe mazito ndio waliopona na kuzaa, kizazi baada ya kizazi, hadi wakafanana na wale wa baharini ambao nao wanawindwa na kaa. Shida moja, kinga moja.

Sasa tuiulize miamba ya kwetu. Ile yenye dhahabu na risasi kuzunguka Mpanda, ambayo kwa ajili yake reli ililetwa kutoka Kaliua, ina umri wa karibu miaka bilioni 2. Wakati huo duniani hapakuwa na kasa, wala samaki, wala mnyama yeyote mwenye mfupa. Mchimbaji akichimba humo maisha yake yote hatakuta kasa.

Tukienda kusini, ng'ambo ya Ziwa Rukwa, upande wa Songwe, ipo miamba ya zama za dinosaria. Humo alitoka Pakasuchus, mamba mdogo mwenye ukubwa wa paka, aliyetangazwa mwaka 2010 na kupewa jina la pili kwa heshima ya Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini mchanga uliomhifadhi ni wa mito, si wa bahari. Anayetaka tope la bahari la zama za Archelon hapa Tanzania hana budi kwenda pwani, Kilwa na Lindi.

Kwa hiyo jibu ni hapana, Archelon hakufika Mpanda. Msihuzunike. Wieland na Moore walianza mwaka mmoja, wote wana akili, wote wana bidii. Mmoja alisoma mfupa pamoja na mwamba wake, mwingine alisoma umbo peke yake. Hapo ndipo walipoachana.

Basi siku mtakapokuta kwenye korongo jiwe lenye umbo la mfupa, jino au kombe, msiling'oe na msimuuzie mtu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalilinda. Wekeni alama mahali hapo, chukueni picha kama ipo simu, mwambieni mwalimu wenu au ofisi ya kijiji. Mfupa uliotolewa kwenye mwamba wake bila kumbukumbu umepoteza nusu ya habari zake. Katavi inahitaji wanajiolojia wake yenyewe, na hao ni ninyi.