Malaika Alimpa Eliya Chakula Kwanza



Mama mmoja wa parokia yetu hapa Kalemie, aliyekimbia mapigano ya Watwa na Waluba mwaka 2016, alikosa usingizi, akawa analia kila siku na kukataa chakula. Sisi wachungaji tukamwambia afunge siku tatu ili tumwombee. Siku ya pili hakuweza kusimama. Tulikosea, na tunaandika ili kosa hilo lisirudiwe.

Ubongo ni karibu asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini ndani yake mna karibu asilimia 20 ya kolesteroli yote tuliyo nayo. Mafuta hufunika nyuzi za fahamu kama plastiki inavyofunika waya wa umeme, ili ujumbe upite upesi. Basi wanaosema kila kolesteroli ni sumu wanakosea.

Lakini tusikimbilie kula mafuta mengi. Ubongo hujitengenezea kolesteroli yake; ile ya mayai na nyama haiingii humo. Nayo ikizidi katika damu huziba mishipa na kuweza kuleta kiharusi. Mawese yetu hayana kolesteroli, kwa kuwa yanatoka katika mmea, ila karibu nusu ya mafuta yake ni ya aina inayoiongeza katika damu. Tuyatie katika sombe kwa kiasi.

Kuna mafuta mengine, yanayoitwa omega-3, ambayo ubongo unayahitaji na mwili hauwezi kuyatengeneza ya kutosha. Yanapatikana hasa katika samaki. Ndagala na mikebuka wa ziwa letu wanayo. Tusiuze samaki wote na kuwaachia watoto bukari na majani tu.

Je, samaki anaponya huzuni nzito? Wataalamu wamejaribu mafuta ya samaki kwa wagonjwa: mara yalisaidia kidogo, mara hayakusaidia. Kwa hiyo chakula kinautegemeza mwili, lakini hakichukui nafasi ya dawa.

Tukumbuke 1 Wafalme 19. Eliya alikaa chini ya mti akiomba afe. Malaika hakumkemea wala hakumwambia afunge. Alimwamsha mara mbili ale mkate na anywe maji. Ndipo akapata nguvu za kufika Horebu, na huko Mungu akasema naye.

Ndugu wazee wa kanisa, tunawaomba: msimfungishe mgonjwa wa akili. Mpelekeni kwa munganga, wala msimwachishe dawa. Mnapokwenda kumwombea, chukueni na ndagala, mpike, mle pamoja naye.

Yule mama alipelekwa hospitali akapata dawa. Akina mama wa kanisa walipeana zamu za kumpikia na kuketi naye. Sasa analala usiku, na tunaendelea kumwombea, sahani ikiwa mbele yake.

Bwana awabariki.