Skizofrenia Kwenye Filamu: Ugonjwa wa Sauti Uliogeuzwa Picha

Skizofrenia ni ugonjwa wa akili unaovuruga fikra, hisia na utambuzi wa mambo, ambao kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani umewapata watu wapatao milioni 24, yaani takriban mtu mmoja katika kila 300, na ambao aghalabu huanza mwishoni mwa ujana au mwanzoni mwa utu uzima. Dalili yake mashuhuri ni maruweruwe, yaani kuhisi kitu kisichokuwapo kana kwamba kipo, na kwa wagonjwa wengi maruweruwe hayo huwa ya masikio: sauti zinazoamuru, zinazokashifu, au zinazomjadili mgonjwa mwenyewe akizisikia. Hapo ndipo waongozaji wa filamu hupata taabu, kwa kuwa sauti haina sura ya kupigwa picha.

Katika A Beautiful Mind, filamu ya mwaka 2001 iliyotwaa tuzo nne za Oscar, mwongozaji Ron Howard aliikwepa taabu hiyo kwa kuzipa sauti miili. John Nash, mwanahisabati wa Marekani anayeigizwa na Russell Crowe, ana rafiki aliyeishi naye chumba kimoja chuoni, ana mtoto wa kike anayempenda ambaye hakui, na ana jasusi anayemtuma kazi, na mtazamaji huwaamini wote watatu kwa muda mrefu kabla ya kubainika kwamba hawapo. Hila hiyo inastahili sifa, kwani humfanya mtazamaji aionje kutoka ndani imani potofu, yaani imani isiyotikiswa na ushahidi wowote, badala ya kuicheka akiwa nje. Hata hivyo Nash halisi, ambaye ugonjwa ulimdhihirikia mwaka 1959 akiwa na umri wa miaka 30, hakuwaona watu wa namna hiyo. Alisikia sauti, na aliamini kwamba magazeti yalibeba ujumbe wa siri uliokusudiwa yeye.

Zito zaidi ni suala la dawa. Filamu inamfanya Nash, anapokaribia kupewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1994, aseme kwamba anatumia dawa mpya, ilhali kwa kweli aliacha dawa mwaka 1970 na kupata nafuu polepole kwa miaka mingi. Nash mwenyewe alihisi kwamba mwandishi wa filamu alihofia wagonjwa wangemwiga, na hofu hiyo si ya kupuuzwa, kwa sababu kuacha dawa huongeza sana uwezekano wa ugonjwa kurudi. Lakini uongo wenye nia njema bado ni uongo, hasa katika filamu inayosimulia maisha ya mtu aliyekuwa hai.

Tukirudi kwenye sauti zenyewe, mwaka 1993 watafiti wa London walipima mtiririko wa damu katika ubongo wa wagonjwa waliokuwa wakisikia sauti, wakakuta kwamba eneo linalohusika na utoaji wa maneno lilikuwa kazini. Matokeo hayo yanaafikiana na nadharia kwamba sauti hizo ni maneno ya ndani ya mgonjwa mwenyewe, ambayo ubongo wake umeshindwa kuyatambua kuwa ni yake. Mwaka huohuo ilitoka Clean, Shaven ya Lodge Kerrigan, filamu ya gharama ndogo iliyofikia jambo hilohilo kwa njia ya sanaa: mikwaruzo ya redio, mvumo wa nyaya za umeme na vipande vya maneno humwandama mhusika mkuu, anayeamini kwamba amepandikizwa chombo cha kunasia mawimbi kichwani.

Hata Kerrigan, hata hivyo, anamfanya mhusika wake mshukiwa wa mauaji. Uchunguzi wa Patricia Owen uliochapishwa mwaka 2012, uliohusu filamu 41 za Kiingereza za kuanzia 1990 hadi 2010, ulionyesha kwamba wengi wa wahusika wenye skizofrenia walijidhuru au kuwadhuru wengine, na karibu theluthi moja ya hao wenye vurugu waliua. Uhalisi ni kwamba wagonjwa hawa hutendewa ukatili mara nyingi kuliko wanavyoutenda. Dalili zinazowalemaza zaidi, kama vile kukosa ari, kufifia kwa hisia na kujitenga, hazionekani sana kwenye filamu, pengine kwa kuwa mtu anayekaa kitandani mwezi mzima hauzi tiketi.

Kwa familia inayotaka kuanza kuuelewa ugonjwa huu, filamu ya Howard inafaa, mradi itazamwe kama hadithi na si kama wasifu. Kwa mwanafunzi wa udaktari, ile ya Kerrigan ni mwalimu bora zaidi, ingawa inahitaji moyo mgumu.