Amekuteua Nani? Kuisoma Ofisi ya Serikali, Kuanzia Kasri la Roma hadi Nyacheki

Mzazi wa Nyacheki, huko Gusii katika kaunti ya Kisii nchini Kenya, anayemtafutia mwanawe basari amezoea kubisha milango mitatu. Basari ya CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, huombwa katika ofisi ya mbunge wa Bobasi. Ile ya kaunti hupita mikononi mwa watu wa wadi. Na fomu zote mbili, kabla hazijafika popote, hutakiwa kugongwa muhuri wa chifu au wa naibu wake. Kwake yeye milango hiyo mitatu ni kitu kimoja, "serikali", na akikosa pesa hizo lawama hugawanywa sawasawa.

Anayesoma historia ya utawala huiona tofauti. Milango hiyo ina wazazi mbalimbali. Mmoja umetokana na kura, mwingine na sheria ya ugatuzi, na wa tatu, ule wenye muhuri, umetokana na dola za kale ambazo wafalme wake hawakuwahi kusikia habari za Gusii. Ili kuitambua asili ya ofisi yoyote, yatosha kuuliza maswali matatu: aliye ofisini ameteuliwa na nani, analipwa na nani, na ni nani anayeweza kumwondoa? Jina la cheo, sare na kiti havina uzito mkubwa mbele ya majibu ya maswali hayo.

Serikali iliyoanzia nyumbani kwa bwana

Roma ndiyo mfano ulio wazi zaidi, kwa sababu tunaweza kuifuata ofisi tangu kuzaliwa kwake. Augusto alipojitwalia mamlaka, Roma ilikuwa na seneti na mahakimu wa kuchaguliwa, lakini haikuwa na makarani wa kuendesha dola iliyozunguka bahari nzima. Kazi hiyo ikafanywa na watu wa nyumbani kwake: watumwa waliojua kusoma na kuhesabu, pamoja na watumwa walioachwa huru. Chini ya Klaudio, aliyetawala kuanzia mwaka 41 hadi 54, watu hao walikuwa kama mawaziri. Pallas alishika hesabu za fedha. Narcissus alishika barua zote za mfalme. Callistus alipokea maombi ya raia. Maseneta wenye ukoo na mali walilazimika kujipendekeza kwa mtu aliyewahi kununuliwa sokoni, na waandishi wa tabaka lao hawakuficha uchungu.

Kwa nini Klaudio aliwaamini hao kuliko wenzake wa ukoo bora? Mtumwa aliyeachwa huru hakuwa na ukoo wa kumtetea, wala jeshi, wala jina la baba. Aliteuliwa na bwana, akaishi kwa mkono wa bwana, na bwana angeweza kumwangusha kabla ya chakula cha jioni. Maswali yetu matatu yalikuwa na jibu moja tu.

Baada ya muda kazi za nyumbani ziligeuka kuwa idara. Kumesalia orodha ya Kilatini ya vyeo vya dola hiyo, iliyoandikwa karibu na mwaka 400, inayotaja ofisi za Mashariki na za Magharibi kwa mpangilio wa daraja. Humo msimamizi wa chumba cha kulala cha mfalme, ambaye kwa kawaida alikuwa towashi, amekaa miongoni mwa wakubwa kabisa, kwa kuwa aliyeushika mlango wa chumba ndiye aliyeamua nani amwone mfalme. Yupo mkuu wa maofisi, aliyesimamia makarani, matarishi, walinzi wa kasri na hata viwanda vya silaha. Yupo mwandishi wa sheria. Wapo watunza hazina wawili: mmoja wa dhahabu na fedha ya dola, mwingine wa mashamba ya mfalme mwenyewe.

Hazina mbili hazikuwekwa kwa bahati: kugawanya madaraka kulikuwa kanuni. Diokletiani, aliyeanza kutawala mwaka 284, aliyakata majimbo yakawa madogo na mengi, yapata mia moja, akayakusanya katika kanda kumi na mbili. Yeye na waliomfuata waliwanyang'anya magavana majeshi na kuyaweka chini ya makamanda. Gavana akabaki na kodi na kesi, kamanda akabaki na askari, na kila mmoja akamchunga mwenzake. Ofisi ziliongezeka, gharama zikapanda, lakini ikawa vigumu kwa mtu mmoja wa mbali kukusanya pesa na panga kwa pamoja na kujitangaza mfalme.

Kuna dola nyingine ya Kilatini inayofundisha kinyume cha hayo. Mwaka 1204 wapiganaji wa Vita vya Msalaba, waliotoka Ulaya Magharibi, waliuteka mji wa Constantinople na kumtawaza Baldwin wa Flanders. Walikuja na vyeo vyao vyote vya nyumbani kwa mtawala: msimamizi wa meza, mkuu wa farasi, mtunza chumba, mtunza mvinyo. Kwenye karatasi ilikuwa serikali kamili. Lakini mabwana hao walikula kutokana na ardhi waliyogawiwa, si kutokana na hazina ya mfalme, na Venice ilijichukulia sehemu tatu kati ya nane za mji, ikaweka mkuu wake aliyetoa hesabu kwao Wavenice. Baldwin alitekwa vitani karibu na Adrianople mwaka 1205 bila hata kumaliza mwaka mmoja kitini. Dola yenyewe ilikwisha mwaka 1261. Ilikuwa na vyeo tele, ila mwenye kuteua hakuwa ndiye mwenye kulipa, na hakuwa na uwezo wa kumwondoa yeyote.

Mengo na Unguja

Hatuhitaji kwenda Ulaya kuona ofisi zikizaliwa jikoni. Katika kasri la Kabaka wa Buganda, huko Mengo, Kauta alikuwa mkuu wa wapishi na Seruti mkuu wa pombe, na wote wawili walihesabiwa kuwa machifu. Kimbugwe alitunza kitovu cha Kabaka, na kwa heshima hiyo alisimama karibu sana na Katikiro, aliye mkuu wa serikali. Vijana waliotumwa na koo zao kuhudumu ndani ya kasri ndio waliokua na kupewa majimbo. Apolo Kagwa alianza hivyo hivyo, kama kijana wa kasri, akaishia kuwa Katikiro kwa zaidi ya miaka thelathini. Mkataba wa 1900 na Waingereza uliikuta serikali tayari. Ulichofanya ni kuiandika kwenye karatasi, kuitambua mikoa ishirini na kuwapa wakuu wake mishahara.

Unguja ilikwenda njia ya biashara. Seyyid Said alitawala kwa ofisi chache mno: maliwali wa miji, makadhi, na forodha ambayo aliikodisha kwa mfanyabiashara wa Kihindi kwa malipo ya kila mwaka. Forodha ndiyo iliyokuwa hazina. Mwaka 1891 Waingereza walimfanya Lloyd Mathews, aliyekuwa ameunda jeshi la Sultani Barghash, kuwa waziri wa kwanza. Tangu hapo Sultani alibaki na kasri na bendera, huku mkoba ukishikwa na mwingine.

Bobasi isiyokuwa na kasri

Sasa turudi Nyacheki. Ababasi, watu wa Bobasi, kama koo nyingine nyingi za Abagusii, hawakuwa na mfalme. Abagetutu wa Kitutu ndio waliokuwa na omogambi, kiongozi wa ukoo mmoja aliyesikizwa na wengi. Kwingineko ugomvi wa mpaka, wa mahari au wa ng'ombe ulipelekwa kwa etureti, wazee wa mtaa, na uliozidi kimo ukafika kwenye baraza la juu zaidi, ritongo. Palipokosekana ushahidi, kulikuwa na kiapo cha emuma, kilichoogopwa kuliko pingu zozote.

Ukiwauliza wazee hao maswali yetu matatu, majibu hayatoki juu. Hakuna aliyewateua kwa barua: walijulikana kwa umri, kwa mji wao, na kwa ulimi unaopima maneno. Hakukuwa na mshahara. Na mzee aliyependelea upande mmoja hakufutwa kazi; watu waliacha tu kumwita. Ni mfumo wenye dosari zake, maana wanawake na vijana hawakuwa na nafasi pale, ila haukuwa na mlango wa nyuma wa kumfikia bwana, kwa sababu bwana hakuwapo.

Waingereza walifika na jeshi mwaka 1905, wakafungua kituo Kisii mwaka 1907. Januari 1908 Otenyo, akichochewa na nabii Moraa, alimchoma mkuki mkuu wa wilaya, Geoffry Northcote, akamjeruhi. Jeshi likarudi, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa na watu wengi wakauawa, hata Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni, akalalamika kutoka London kuhusu mauaji hayo. Tazama mnyororo ulivyokuwa mrefu: yaliyotokea vilimani Gusii yalijadiliwa na mtu aliyeko London, kwa kuwa London ndiyo iliyoteua, ndiyo iliyolipa na ndiyo iliyoweza kuondoa. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Ofisa wa dola ni mali ya dola. Leo yuko Kisii, kesho yuko Hong Kong.

Mnyororo huo ulihitaji pete ya mwisho, mtu wa kukusanya kodi ya nyumba na kutoa vibarua wa barabara. Sheria ya mwaka 1902 kuhusu wakuu wa vijiji ilikuwa tayari imeiunda nafasi hiyo, na ile ya 1912 ikaipa nguvu zaidi. Kule Wanga, ambako ufalme ulikuwapo, walimtumia mfalme wake, Nabongo Mumia, na jamaa zake, hata juu ya majirani ambao hawakuwa raia wake. Bobasi, ambako kasri halikuwapo, ilibidi chifu atengenezwe. Akapewa kazi tatu kwa mkono mmoja: kodi, amri na kesi ndogo. Kwa maneno mengine, kwake hakukuwa na mgawanyo wa madaraka kama ule wa Diokletiani.

Kutoka kwa baba hadi kwa mwana

Uhuru haukuuvunja mnyororo. Katiba ya majimbo ilipoondolewa mwaka 1964, wakuu wa mikoa na wilaya walirudi kuwa watu wa Rais, na machifu wakabaki chini yao. Familia moja ya Gusii inaonyesha mwendelezo huo vizuri. Musa Nyandusi alikuwa chifu mkuu wa Nyaribari enzi za ukoloni. Mwanawe, Simeon Nyachae, alikuwa mkuu wa mkoa wa Bonde la Ufa na wa Kati, kisha katika miaka ya 1980 akawa katibu mkuu wa serikali nzima. Alipokuwa waziri wa fedha aliona jibu la swali la tatu kwa macho yake: mwaka 1999 Rais Moi alimhamishia Wizara ya Viwanda, naye akajiuzulu. Miaka ishirini baadaye Fred Matiang'i, mzaliwa wa Nyamira, aliyekuwa waziri wa usalama wa ndani, alipewa kwa agizo la Rais jukumu la kuratibu miradi ya serikali juu ya mawaziri wenzake. Agizo moja lilimpandisha, na agizo lingine lingetosha kumshusha.

Chifu naye alipunguzwa makucha polepole. Mwaka 1967 mahakama za Kiafrika ziliunganishwa na mahakama za kawaida, kesi zikaenda kwa hakimu. Mwaka 1997, katika mageuzi yaliyokubaliwa na wabunge wa vyama mbalimbali, sheria ya machifu ilipunguzwa makali, na mamlaka ya kulazimisha watu kazi yakaondolewa.

Minyororo miwili, wadi moja

Katiba ya 2010 iliagiza utawala wa mikoa upangwe upya uendane na ugatuzi. Sheria ya 2013 iliubadilisha majina na kuuacha umesimama: kamishna wa kaunti, naibu kamishna, kamishna msaidizi, chifu, naibu wa chifu. Kando yake ugatuzi ulileta mnyororo wa pili: gavana, msimamizi wa kaunti ndogo, msimamizi wa wadi. Wanaoishi Nyacheki wana yote miwili.

Ipitishe kwenye maswali matatu. Chifu ni mtumishi wa serikali kuu. Huajiriwa, hulipwa na huadhibiwa kupitia Wizara ya Usalama wa Ndani, na mkubwa wake wa mwisho yuko Nairobi. Msimamizi wa wadi huajiriwa na bodi ya utumishi wa umma ya kaunti na hulipwa na kaunti. Mwakilishi wadi huwekwa kwa kura, na kila baada ya miaka 5 kura hiyo hiyo inaweza kumpeleka nyumbani. Mzee wa kijiji, ambaye kwa muda mrefu amefanya kazi bila mshahara, ndiye aliyebaki karibu zaidi na etureti, ingawa siku hizi huitikia wito wa chifu.

Kwa hiyo ukikosa dawa katika zahanati, kumlaumu chifu ni kupoteza pumzi, kwani afya ni kazi ya kaunti. Ukichelewa kupata kitambulisho, usimpigie kelele mwakilishi wadi. Na ukiitwa mkutanoni, angalia umeitwa na mnyororo upi. Baraza la chifu limerithi tabia ya kasri: ujumbe hushuka kutoka juu, nawe huketi kuupokea. Kikao cha kaunti cha ushirikishaji wa umma kuhusu bajeti kinatakiwa na Katiba, na bajeti inayopitishwa bila kikao cha kweli inaweza kupingwa mahakamani. Watu wa Nyacheki hujaa kwenye baraza la kwanza, ambako hawana kura juu ya anayezungumza, na kwenye kikao cha pili huacha viti vitupu. Hapo ndipo zilipo pesa za barabara yao.